Hatua Arobaini Kutoka Kigingini

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mdogo wangu amewasili leo. Kati ya hivyo viwili, nilichomwomba Mungu ni kimoja.

Ameshuka na masanduku mawili na kompyuta begani. Mama, ambaye tangu Januari ananiambia magoti hayamruhusu kufika hata mlangoni, amefika mpaka barabarani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nimepona kwa kupewa godoro la sebuleni, na chumba changu kimeenda kwa mgeni kwa sababu "mwenzako ana kazi za kuandika." Kumbe mimi huwa naandika hewa.

Niseme wazi hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Nafasi ya Afisa Utetezi katika chama chetu cha kulinda kinamasi niliiomba mimi. Nimehesabu viota vya korongo taji kwa miaka kumi na miwili. Nilipoanza walikuwa jozi thelathini na moja, mwaka jana walibaki kumi na tisa. Sasa baraza la mji linataka kuchimba mtaro katikati ya kinamasi ili mvua isiingie nyumba za mtaa wa chini, na kinamasi kikikauka korongo hawana pa kwenda. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri sana, akasema, "Wewe ni mtu wa majini, dada. Kazi hii inataka mtu wa mezani." Akampa mtu wa mezani. Alipogundua kuwa huyo ni mdogo wangu alicheka, akasema kumbe kipaji kimo katika ukoo.

Jumatano, 6 Machi

Kiota cha kwanza, kwenye matete marefu. Sikumwambia mtu mpaka jioni.

Jumapili, 10 Machi

Amezungumza redioni dakika kumi. Mama ameongeza sauti hadi jirani akadhani kuna msiba. "Sisi tunaohesabu viota," amesema mtoto huyu, ambaye hajawahi kulowa hata soksi. Sisi nani? Humu daftarini nimempa jina Kipaza.

Amezungumza vizuri. Hilo ndilo lililonikera.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempeleka kinamasini. Amevaa buti zangu za mpira, mimi nikavaa zile za zamani zenye tundu, kwa hiyo nimerudi na mguu mmoja mkavu, mmoja umelowa, na hasira katika yote miwili.

Nimemfundisha sheria. Ya kwanza, kiota hakisogelewi. Korongo anayeatamia akishtuliwa mara mbili, mara ya tatu anayaacha mayai. Ya pili, kila kiota kina kigingi chenye namba, ili mhesabu arudi palepale bila kupapasa kwenye matete yanayomzidi kimo. Ya tatu ndiyo siri ya kazi yetu. Zamani kulikuwa na wezi wa makinda, waliowauzia watu wanaopenda ndege wa mapambo uani, na wezi hao walijifunza kufuata vigingi. Mhesabu wa kabla yangu ndipo alipoanza kuchomeka kigingi mbali na kiota: hatua arobaini kuelekea jua linapochomoza. Mwizi akifuata kigingi anakuta matete. Jambo hilo halijaandikwa popote, maana karatasi hupotea ikaokotwa. Mhesabu yule amekwisha kufariki. Anayejua ni mimi peke yangu.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia hiyo ya tatu. Wakata matete wakapita na mizigo yao. Watu hawa miaka kumi na miwili wananisalimia kwa shingo upande. Kwake wamesimama, wametua mizigo, mmoja amemchekesha mpaka akashika mbavu. Mwingine akaniuliza mimi, "Huyu ndiye mkubwa wenu?"

Nikafunga mdomo. Sheria ya tatu nimerudi nayo nyumbani.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Kiota cha sita.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Mama amepika mwenyewe kwa sababu Kipaza anachoka. Magoti yamepona kabisa, Mungu ni mwema.

Jumatano, 27 Machi

Ofisi yetu ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Leo imejaa mpaka watu wakakaa juu ya mifuko ya saruji ya mwenye duka. Baraza limekubali. Mtaro utachimbwa, lakini utawekewa mlango wa kuzuia maji ili kinamasi kisikauke, na kila kiota kitaachiwa duara la hatua thelathini kila upande, mashine isiingie humo mpaka makinda waondoke. Nimetafuta namna ya kulidharau jambo hili nimekosa. Miaka kumi na miwili nimehesabu ndege wakipungua, na huyu kwa wiki tatu amewapatia mkataba.

Vigingi vyote kumi na saba amevizungukia yeye na mpima ardhi, wakaandika mahali pa kila kimoja. "Tumefuata sheria yako, dada," akaniambia mbele ya watu wote. "Hatukusogelea kiota hata kimoja." Watu wakapiga makofi. Mimi pia.

Ndipo nilipoitazama ramani ukutani. Maduara kumi na saba mekundu, kila moja na kigingi katikati yake. Kigingi, si kiota. Thelathini ni ndogo kuliko arobaini, na hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Kila duara linalinda matete matupu, na kila kiota kiko nje ya mstari.

Nikaendelea kupiga makofi.

Alhamisi, 28 Machi

Sitaki korongo wafe. Nataka aaibike. Ni mambo mawili tofauti, na nimeshinda mchana kutwa nikiyatenganisha.

Katapila linaanza kazi Jumatatu, tarehe 15 Aprili. Ijumaa ya kabla yake kuna kikao cha mwisho cha chama na baraza. Nitanyanyuka pale, nitauliza kwa upole, "Samahani, hivi mnajua kwamba kigingi si kiota?" Nitamtazama Mwenyekiti usoni. Nitamtazama na yeye. Siku tatu zinatosha kuirekebisha ramani, nimehesabu, na mimi ni mtu wa kuhesabu.

Kila ninapoufikiria uso wa Mwenyekiti, chai inakuwa tamu. Naandika ukweli.

Jumanne, 2 Aprili

Jioni amekuja na ramani mezani, na fomu ya uhakiki juu yake.

"Dada, hebu ipitie, halafu uweke saini hapa."

"Baraza linaitaka?"

"Hapana, hii inabaki kwenye faili letu tu. Lakini bila jina lako mimi sina amani."

Alisimama pembeni yangu, ananisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri zamani nimsahihishie daftari la hesabu. Sheria ya tatu ilinifika kooni. Naapa ilifika. Halafu Mama akasema kutoka chumbani, "Mwache mwenzio akapumzike. Kasoma huyo, anajua anachofanya. Wewe kila kitu lazima ukitie kidole?"

Nikasaini. Nikaandika na tarehe.

"Asante," akasema. "Sasa ndiyo naamini."

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Korongo wote kumi na saba wanaatamia.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku ya tatu mvua haijakatika. Mtaa wa chini maji yamefika madirishani, na watu wanasema chama chetu kinathamini ndege kuliko watoto wao. Kipaza hakuwajibu redioni. Amekwenda huko na ndoo, amekumba maji nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, na buti zangu miguuni. Amerudi mikono imechubuka. Mama alimkanda kwa maji ya moto, nami nimewaonea wivu wote wawili.

Jumatano, 10 Aprili

Nilikuwa nasuuza vikombe vya chai ya asubuhi niliposikia mngurumo upande wa kinamasi. Nikajiambia ni lori. Lori halingurumi mahali pamoja.

Kumbe baraza limeamua kuanza leo kwa sababu ya mafuriko. Barua ya kutuarifu imefika ofisini saa tatu. Katapila lilifika kinamasini saa moja.

Nimekimbia na ndala. Nina miaka arobaini na sita na nimekimbia, ndala moja ikabaki njiani. Dereva aliponiona akanipungia mkono. Ni mtu mzima, mpole, ramani yetu ameitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe na kuining'iniza mbele yake.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akasema kwa sauti ya juu kuushinda mngurumo. "Sijagusa hata kigingi kimoja. Kila duara nalizunguka."

Alikuwa anajivunia, na alikuwa na haki. Kigingi namba tisa kilikuwa kimesimama wima, namba inasomeka, matete yamekizunguka pande zote. Nikakipa mgongo, nikaelekea magharibi, nikahesabu hatua. Ya thelathini na moja nilikanyaga udongo uliofukuliwa. Ya arobaini niliihesabu nikiwa mbele ya chungu ya tope inayonifika kiunoni. Korongo wawili walikuwa wanatembea juu yake. Wanainama, wanachungulia, wanasogea kidogo, wanainama tena. Hawakupiga kelele yoyote.

"Zima mashine," nikamwambia dereva.

"Niko sawasawa na ramani, mama."

"Ramani imekosea. Kigingi si kiota. Kiota kilikuwa hapa, na umekifukia."

Akazima. Akashuka, akawatazama wale ndege wawili kwa muda, akavua kofia. "Sasa mbona hamkuniambia?" aliniuliza. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Wakaja wote: mpima ardhi, karani wa baraza, Mwenyekiti akiwa na viatu vya ofisini, na mdogo wangu. Nikaieleza sheria ya tatu mbele yao. Karani wa baraza akasema kama ramani ni ya uongo basi na makubaliano ni ya uongo. Mwenyekiti akamgeukia mdogo wangu.

"Ramani hii ni yako. Mhesabu viota aliipitia?"

Nilijua kilichomo kwenye faili. Nilijua na jina lililo chini ya fomu. Mdogo wangu akanitazama, si kwa muda mrefu, akamrudia Mwenyekiti.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa na haraka. Sikumwonyesha."

Nikanyamaza. Uso wa Mwenyekiti ulikuwa kama nilivyouwazia wiki mbili nzima, mikunjo yote mahali pake. Mdogo wangu alisimama kwenye tope, kichwa chini, watu wakimsema. Kila nilichokitaka kilikuwepo pale, nami nikatamani ardhi inimeze.

Baraza limetoa siku tatu za kuirekebisha ramani. Mchana wote nimemwongoza mpima ardhi kutoka kigingi hadi kigingi, hatua arobaini magharibi, na viota kumi na sita vilivyobaki sasa viko ndani ya maduara ya kweli. Tulipomaliza Mwenyekiti alinishika mkono mbele ya watu. "Bila wewe, dada, tungevipoteza vyote."

Nilisema asante. Nimeandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: nilisema asante.

Alhamisi, 11 Aprili

Amesimamishwa kazi mpaka mkutano mkuu wa tarehe 20. Nimeombwa nikaimu nafasi yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama hafungulii redio. Magoti yamerudi.

Jumanne, 16 Aprili

Wale korongo wawili wa kiota cha tisa bado wanakuja kwenye tope kila asubuhi. Wakata matete leo wameniita mkubwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilimkuta anakunja nguo na kuzipanga sandukuni. Nikasimama mlangoni mwa chumba kilichokuwa changu, na swali nililokwepa siku tisa likatoka lenyewe.

"Kwa nini ulisema hukunionyesha?"

Akaendelea kukunja. "Fomu ninayo. Niliitoa kwenye faili siku ileile."

"Kwa hiyo ulijua."

"Uliposema hatua arobaini, nilijua. Mtu aliyezihesabu miaka kumi na miwili hazisahau mezani kwa dakika tano, kalamu mkononi."

"Ungewaonyesha."

"Ningewaonyesha wangekufukuza palepale. Halafu zile hatua nani angempeleka mpima ardhi? Na mwakani nani angejua waliko?" Aliketi kitandani, blauzi mapajani. "Kusema ninaweza kusema popote, dada. Ndege wale mimi siwajui bado. Unawajua wewe."

Nilitaka kumshika bega. Akaukwepa mkono wangu.

"Usidhani nimekusamehe. Nimekukasirikia mpaka chakula hakipiti. Ila hayo ni yetu mimi na wewe, korongo hayawahusu."

Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi wivu wenyewe ulinifuata mpaka pale mlangoni. Miaka yote hii nilijua jambo moja bila shaka, kwamba hakuna anayewapenda ndege wale kuniliko. Huyu ana wiki sita nao, na amewapenda kuniliko. Ametoa jina lake kwa ajili yao, nami nilitoa mayai yao kwa ajili ya jina langu. Hata uongo wake umekuwa bora kuliko saini yangu.

Nimemwomba ile fomu. Amenipa bila kuuliza ya nini.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimesimama kabla Mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda, maana ningekaa kidogo tu nisingesimama tena. Nimeisoma fomu yote, na jina, na tarehe. Nimewaambia nilijua tangu ile siku ya makofi. Nimewaambia nilikuwa nangoja tarehe 12 ili nimwaibishe mbele yao.

"Lakini kwa nini?" Mwenyekiti aliuliza. Alikuwa anauliza kweli, masikini, hakuwa na habari.

"Wivu," nikasema.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani natania. Kicheko kilipokatika tukabaki kusikia mwenye duka upande wa pili akimpimia mteja misumari.

Hawakuchukua muda mrefu. Mdogo wangu amerudishwa kazini. Mimi nimeondolewa kwenye hesabu na kwenye chama, na nimekatazwa kukanyaga kinamasini. Nimekabidhi darubini na madaftari kumi na mawili. Mwenyekiti alivipokea kwa mikono miwili, akashindwa kunitazama, nami nikamshukuru kwa hilo.

Mama hajaniuliza kitu. Amenipakulia chakula, ameweka sahani mbele yangu, amekaa mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua kidogo. Jana alikuja jikoni na daftari, hakunisalimia, akakaa. "Kinda akijificha kwenye majani unamjuaje?" Nikamjibu: usimtafute yeye, mtazame mama yake. Mwenye kinda hutembea mbele kidogo, husimama, hungoja. Akaandika, akaondoka. Leo amekuja tena, na swali jingine.

Jumanne, 30 Aprili

Maswali manne. Na "habari za mchana, dada."

Jumapili, 5 Mei

Wameanza kuanguliwa. Nimesikia kwake.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi yote nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, kwa sababu leo ndiyo siku ya hesabu ya makinda na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu siku hiyo imenikuta uani.

Amerudi alasiri, matope mpaka shingoni, hajavua hata buti. Amekaa jikoni, nikammiminia chai, naye akaniwekea hesabu mbele yangu. Viota kumi na sita, makinda ishirini na watano. Nimeipitia mara tatu nikitafuta kosa. Nililitafuta kwa moyo wote, siwezi kuficha. Hakuna. Hata wale wawili wa kiota cha kumi na nne, ambao mimi mwenyewe kila mwaka huwakosa mara ya kwanza, amewapata.

"Imekaa sawa," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kweli. Mimi mwaka wa kwanza nilikosea saba."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ile Aprili, na nikajisahau. Nikavuta kiti, nikauliza kama ninavyojiuliza kila mwisho wa msimu. Hatua arobaini sasa kila mtu anazijua, tangu siku ya katapila, na wezi wana masikio.

"Vigingi umevihamisha?"

"Vyote."

"Hatua ngapi sasa? Upande gani?"

Akaweka kikombe chini.

"Hilo siwezi kukwambia, dada."

Mama akaacha kuchambua maharage. "Wewe, huyo ni dada yako. Kakubeba mgongoni. Mwambie."

Hakumwangalia Mama. Aliniangalia mimi, macho yamejaa maji, mdomo ameufumba. Mwakani viota vitakuwa nusu saa kutoka jikoni hapa na sitajua viko wapi. Roho iliniuma mpaka nikashika ukingo wa meza.

"Mwache, Mama," nikasema. Ningekuwa yeye, mimi pia nisingemwambia mtu kama mimi.